Kiti cha Mbele Akae Nani?

Wenzetu wengi wa rika letu wanagombana kwa ajili ya simu. Mimi na Baba Watoto mambo ya simu tuliyamaliza zamani. Kilichotukosesha usingizi miezi minne mfululizo ni gari. Tena siyo kwamba mmoja alitaka na mwingine hataki, la hasha. Tulikubaliana kununua, tukakubaliana liwe la mtumba, tukakubaliana hata kundi lenyewe: siyo kigari cha chini kinachoogopa jiwe, wala siyo mkonga wa miradi, bali yale ya katikati. Harrier, X-Trail, RAV4, Vanguard na ndugu zao. Ugomvi ulikuja kwenye maneno mawili tu: "la familia".

Siku moja tukiwa mezani nikamuuliza, "Baba, hiyo familia unayoisema ina watu wangapi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza wiki ina siku ngapi. "Si sisi wanne?"

Mimi nilikuwa nimehesabu saba.

Tunaishi Katesh, wilayani Hanang, chini ya mlima wenyewe. Yeye yuko benki, mimi niko halmashauri. Watoto ni wawili, wa miaka sita na wa miaka miwili. Wa tano kwenye hesabu yangu ni dada anayetusaidia nyumbani, maana safari na mtoto wa miaka miwili bila dada, jamani, mnaijua wenyewe. Wa sita ni mama mkwe, Bibi wa watoto, anayeishi Dongobesh upande wa Mbulu. Wa saba ni yule abiria asiyekosekana: shangazi aliyesikia mnakwenda, jirani mwenye kuku, mwanafunzi anayerudi shule. Huyo hata umkatae leo, kesho yupo.

Na huyo wa sita ndiye aliyekuwa ananiumiza kichwa. Bibi alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na tangu hapo ana kliniki Haydom, kwenye ile hospitali ya Kilutheri ambayo watu wa kwetu wanaikimbilia tangu mwaka 1955. Bodaboda hawezi tena. Noah ya abiria, ile ya kubanana watu wanne kiti cha watu watatu, hawezi. Kwa hiyo kila tarehe ikifika tulikuwa tunakodi Land Cruiser ya mtu, na hela ya kukodi siyo mchezo. Halafu Septemba na Oktoba akagoma kwenda. Alisema amepona. Alikuwa hajapona, maana hata kutoka jikoni mpaka uani alikuwa anashika ukuta. Sisi tukajua anatuonea huruma ya gharama.

Mwenzangu alikuwa na hoja zake, na siyo za kijinga. Yeye alitaka Harrier. Inauzika haraka ukitaka kuiuza, mafundi wanaijua, spea unazipata. Na jingine ambalo hakulisema kwa mdomo: pale kazini wenzake watatu wanazo, na zikipaki pamoja Jumatatu asubuhi zinapendeza ile mbaya. Sikumcheka. Mtu anayevaa tai kila siku ana haki ya kupenda gari linalofanana na tai. Ila Harrier aliyokuwa ameipata ilikuwa ya viti vitano, na yeye, kama nilivyosema, alikuwa anahesabu wanne.

Mimi nilianza na X-Trail, ile ya kwanza ya 2000 hadi 2007 yenye mshale wa spidi katikati ya dashibodi. Nilipenda buti lake la mraba na kitufe chake cha 4WD. Lakini tatu nilizokwenda kuziona zilikuwa zimechoka mpaka huruma, na mmoja wa wenye nazo aliniwashia injini huku amezima taa zote za onyo kwa ujanja wake. Gari ambalo ukifungua swichi haliwashi hata taa moja ya onyo, likimbie.

Watu wa Katesh tuna sababu nyingine ya kupenda magari ya juu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka mlimani likapita kwenye makazi ya watu, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Barabara kuu ilifunikwa tope, mawe na magogo. Baada ya msiba ule, kila mwenye akiba alianza kuzungumzia gari kubwa, "ikitokea tena". Nawaelewa, na sisi tulikuwa hapa. Ila Baba Watoto alipolileta hilo kwenye mazungumzo nilimwambia ninavyoamini: siku ile hakuna gari la mtu binafsi ambalo lingetuvusha. Sisi tunanunua gari la siku za kawaida, siku ya kliniki, ya soko, ya mvua ya usiku na shule asubuhi.

Na barabara zetu za kawaida ni za aina mbili. Ukitoka Katesh kwenda Babati au Singida unateleza kwenye lami, unasahau kabisa kama uko kijijini. Ukiiacha hiyo lami pale Dareda ukapanda bonde la ufa kwenda Bashnet na Dongobesh, au ukakata Basotu kwenye mashamba ya ngano kuelekea Haydom, unakumbuka upesi. Lami inajengwa kipande kwa kipande upande wa Mbulu, tunashukuru. Lakini kati ya kipande na kipande kuna rafu rodi, kuna makorongo, na mvua ikinyesha kuna udongo ambao ukikanyaga unarudi na nusu yake kwenye kiatu.

Hapo ndipo haya magari ya katikati yanatakiwa yaeleweke. Mengi yake chesi na bodi ni kitu kimoja kama gari dogo, ila yameinuliwa. Siyo kama mkonga, wenye chesi yake ya chuma chini na bodi ikafungwa juu. Ndiyo maana kwenye lami yanatulia na mafuta yanakunywa kwa adabu, lakini ukiyatwanga makorongo kila siku yanaanza kulia mwili mzima: bushi, boljointi, shokapu. Na hiyo 4WD yake kwa kawaida inasukuma tairi za mbele, halafu inaziita za nyuma pale za mbele zinapoteleza. Inatosha kwa tope la kawaida. Haitoshi kwa ubishi.

Mwezi Februari tukasikia kuna Vanguard inauzwa Babati. Kwa wasioijua, Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, Toyota waliitengeneza kwa soko la Japani kati ya 2007 na 2013, na nyingine zina viti saba. Hii ilikuwa ya 2008, injini cc 2,400, namba D, viti saba. Kuagiza ya umri huo moja kwa moja kutoka Japani tulishaipigia hesabu tukaiacha. Magari yaliyozidi umri serikali inayaongezea ushuru wa uchakavu, na injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa nao unapanda. Ukijumlisha na meli na bandari, unakuta umelipia gari na nusu.

Bei aliyotaja mwenyewe ilikuwa milioni 25. Tukaenda Jumamosi asubuhi, sisi, watoto na dada. Dalali alitupokea vizuri sana, isipokuwa kitu kimoja: kila nilichouliza mimi alimjibu mume wangu. Niliuliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, akamgeukia, "Mzee, hii gari haijaguswa." Niliuliza kadi iko wapi, akasema, "Mzee usiwe na wasiwasi." Funguo nazo akampa yeye. Kumbe zaidi ya nusu ya hela ilikuwa mkopo wangu wa SACCOS!

Basi nikaacha kuuliza, nikaanza kutafuta. Nawaambieni kinamama wenzangu, huhitaji kuwa fundi. Kwenye dashibodi gari lilionyesha kilometa 98,000. Nikafungua mlango wa dereva nikaangalia pembeni, pale kwenye nguzo ya bodi. Magari mengi ya Japani yana kistika cha gereji ya kule, kinachoandikwa tarehe na kilometa kila oili inapobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani, ila tarakimu ni zilezile zetu. Hiki kilisomeka mwaka 27, kilometa 131,000. Wajapani huhesabu mwaka kwa utawala wa mfalme wao, na mwaka wa 27 wa kipindi kilichoitwa Heisei ni 2015. Yaani gari lilikuwa na kilometa 131,000 mwaka 2015 kule Japani, halafu likaja Tanzania, likatembea miaka yote hiyo, likafikisha 98,000. Lilikuwa linatembea kinyumenyume?

Dalali akacheka. "Shemeji, hayo ni mambo ya Kijapani, hayana maana."

"Kaka, mia na thelathini na moja elfu ni mia na thelathini na moja elfu hata kwa Kijapani."

Mwenye gari, mzee mmoja mstaarabu, alikuja kuangalia mwenyewe, na niliona usoni kwamba hakuwa anajua. Gari lilishapita mikononi mwa watu watatu. Hatukumtuhumu. Ila kuanzia pale tulilipima kama gari lililotembea zaidi ya kilometa laki mbili. Raba ya pedali ya breki ilikuwa imelika upande mmoja, na usukani ulikuwa unang'aa kama kisigino cha mtawa. Ukishajua hilo, maswali yanabadilika. Hujiulizi tena kama limechoka. Unajiuliza limechoka wapi, na itagharimu shilingi ngapi.

Tulimchukua fundi wetu wenyewe, siyo wa dalali. Injini hizi za 2AZ zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo alichomoa dipstiki injini ikiwa baridi, akaiangalia tena baada ya safari. Ilishuka kidogo, ikaacha hapo. Alikanyaga mafuta nami nikasimama nyuma kuangalia moshi wa bluu, haukuwepo. Oili ya giaboksi ilikuwa nyeusi. Giaboksi hili ni la mkanda, CVT, linataka oili yake maalumu, ukiliwekea oili ya bei rahisi ya mtaani unalizika. Shokapu ya nyuma kulia ilikuwa inavuja, bushi za mbele zilikuwa zimekwisha. Chini kulikuwa na kutu ya juujuu, siyo ile inayomeguka.

Mimi nilikuwa na rula ya shule ya mwanangu. Nikapima kutoka ardhini mpaka sehemu ya chini kabisa ya gari: sentimita 19. Halafu tukapanda wote na fundi na mwenye gari, tukapakia na gunia la mahindi, nikashuka kupima tena. Kumi na sita. Vile vipimo vinavyotajwa kwenye matangazo ni vya gari tupu, na sisi gari tupu hatuna mpango nalo.

Tukamwomba mwenye gari tulipandishe mpaka Dongobesh, mafuta yetu. Akakubali, akaja naye. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikasema sentensi ndefu ya Kijapani kwa upole kabisa. Ni kile kifaa cha kulipia barabara za kule, kinalalamika kwamba kadi haijawekwa, na kitalalamika mpaka siku ya mwisho. Redio nayo ilikuwa ya Kijapani, inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu haizishiki. Watoto wakaimba wenyewe.

Kupanda kutoka Dareda lilipanda bila kelele, ingawa kwenye kona za juu ulihisi lina mzigo. Mbele ya Bashnet kulikuwa na tope kama la mita hamsini. Nikabonyeza kitufe cha LOCK, kile kinachofunga 4WD kwa mwendo mdogo na kujitoa chenyewe ukipita kilometa 40 kwa saa, nikaingia taratibu. Likapita, mkia ukicheza kidogo. Lakini nilipojaribu breki kwenye mteremko unaofuata, tairi ziliteleza kama sabuni. Zilikuwa tairi za lami, meno yamejaa udongo. 4WD inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Nikaandika kwenye daftari: tairi nne, kabla ya kitu kingine chochote.

Tulimkuta Bibi amekaa nje kwenye kigoda. Tukamweleza tumekuja kulijaribisha gari, tunaomba na yeye alijaribu. Akakunja uso. Baba Watoto na mwenye gari wakamsogelea kila mmoja upande wake, tayari kumnyanyua, na hapo nikaona alivyokaza mwili wake wote. Akasema kitu kwa Kiiraqw. Kiiraqw changu ni cha salamu tu, lakini mume wangu aliachia mikono akarudi nyuma.

Nikafungua mlango wa mbele, nikasogeza kiti mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mama, geuka, kalia kwanza, miguu baadaye," kama walivyomfundisha hospitali. Akarudi nyuma hatua mbili na fimbo yake. Kiti kikamgusa usawa wa nyonga. Hakupanda, hakuzama. Alikaa tu, kama anavyokaa kitandani kwake, halafu akaingiza mguu mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyemgusa.

Akakaa kimya pale. Baadaye akamwambia mwanawe, naye akanitafsiria huku anaangalia pembeni: lile gari refu la kukodi walikuwa wanamnyanyua vijana wawili, mbele ya watu wote wa stendi, kanga ikipanda. "Kama gunia," alisema. Ndiyo maana Septemba hakwenda. Ndiyo maana Oktoba hakwenda. Gharama haikuwa kitu.

Viti vya nyuma kabisa, vile vya sita na saba, tuliviinua tukavijaribu siku hiyohiyo. Fundi aliingia akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Ni vya watoto, tena kwa safari fupi, na vikisimama buti linakwisha: hakuna nafasi ya gunia wala ya ule mkongojo wa chuma wa miguu minne. Kwa hiyo ile sifa ya viti saba, iliyonitoa Katesh mpaka Babati, haikunifaa sana. Kilichonifaa ni urefu wa kiti kimoja cha mbele.

Njiani kurudi Baba Watoto alikuwa kimya mpaka tukafika Dareda. Kisha akauliza, "Sasa Mama akikaa mbele, na mimi nikiendesha, wewe utakaa wapi?"

"Nani kasema unaendesha wewe?"

Nilikuwa nimeshalipima na hilo. Kliniki ni siku za kazi, na ruhusa ya kutoka benki siku ya katikati ya wiki haipatikani kirahisi kama ya kwangu. Mimi ni mfupi. Nilivuta kiti, nikaona boneti, nikafika pedali bila kunyoosha shingo. Akafikiri. Akasema kioo cha pembeni nimeegemea nacho sana kushoto. Nikajua amekubali.

Tuliorodhesha mbele ya mwenye gari: tairi nne, shokapu, bushi, oili ya giaboksi, na zile kilometa. Tukamaliza kwa milioni 22 na laki tatu. Dalali akauliza kadi iandikwe jina la mzee, eh? Mume wangu ndiye aliyejibu, "Uliza mwenye mkopo." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake kama mume, na mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tuliliongea hilo waziwazi, bila kununa. Kadi ikawa jina langu, na karatasi ya mchango wake tuliandika na kusaini, iko kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Kuna rafiki zangu waliniambia ni kumkosea heshima mwanaume. Mwanaume mwenyewe hajalalamika.

Kliniki ya Machi ilikuwa Alhamisi, na bahati nzuri yeye alikuwa likizo. Bibi alivaa gauni lake la kanisani akakaa mbele, mkoba mapajani. Nilipowasha, yule dada wa Kijapani akasema sentensi yake. Bibi akamwitikia. Baba Watoto alikuwa nyuma katikati ya watoto wawili, mkongojo magotini, akimshikia mdogo chupa ya uji, na kabla hatujafika Haydom alishauliza mara mbili kama kile kiti cha mbele hakiwezi kusogezwa mbele kidogo. Nikamwambia hakiwezi.